Sekunde Tisa za Salha

Jumatatu, 8 Septemba

Chai, mahamri mawili, kompyuta. Mume wangu Bakari kaondoka mapema, avuke kwa feri aende kazini Changamwe. Nimefunga mlango, nimeshusha pazia, nimeanza.

Kazi ni ileile ya tangu juzi: video ya kupamba kwa Salha, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bi harusi. Ukumbi mzima wanawake peke yao. Simu zote zilikusanywa mlangoni kwenye beseni, kamera ikabaki moja tu, yangu. Bi Mwanaisha, mama yake Salha, alinishika mkono mbele ya dada zake wawili akasema hii ni amana, jicho la mwanamume lisiiguse. Nikaapa. Ndiyo sababu watu wa mtaa wetu wa Shika Adabu, huku Likoni, wananiita mimi na si wale wa studio za mjini. Wao wana taa kubwa kuliko zangu, lakini wana ndevu.

Tatizo ni mwendo. Salha alitakiwa aingie kwa madaha, watu wamtazame washibe, vigelegele vipigwe mpaka makoo yakauke. Viatu vilimbana. Kutoka mlangoni hadi kitini alitumia sekunde tisa, na shela kaifunua mwenyewe njiani, nadhani kwa joto. Nimehesabu mara tatu. Tisa! Mimi mvua ikinikuta na nguo kambani siendi mbio hizo.

Na sekunde hizo tisa ndizo anazozingoja bibi yake. Mwezi uliopita kavunjika nyonga, hakuweza kufika ukumbini, na nasikia alilia siku nzima. Salha kalelewa naye tangu mchanga. Jumapili anaondoka kumfuata mumewe Muscat, na bibi hajamwona amepambwa. Kwa hiyo Jumamosi, baada ya alasiri, wanawake watakusanyika kwa Bi Mwanaisha, bibi ataketishwa mbele ya runinga, aone.

"Mamangu macho yake hayakimbii tena, Riziki," Bi Mwanaisha kaniambia. "Mwendeshe mwanangu polepole, mpaka amuone."

Nikasema hilo ni jambo dogo. Kinywa changu hiki kitaniponza siku moja.

Jumanne, 9 Septemba

Kinywa kimeniponza.

Nimepunguza kasi mpaka robo. Sekunde tisa zikawa thelathini na sita. Nikajipongeza, nikabonyeza tuone. Salha anatembea kama mwenye kwikwi. Hatua, anaganda. Hatua, anaganda. Bibi wa watu ataona mjukuu wake kapandwa na kitu, kisha tuitane tena kumsomea dua.

Programu ina kitufe cha kuiambia kompyuta ibuni yenyewe zile picha zinazokosekana katikati. Nikabonyeza. Ikafikiri tangu saa tatu hadi saa tano, feni inalia kama mashine ya kusaga unga. Ikabuni kweli. Hina ya mikononi imetiririka mpaka kwenye gauni na mkono wa kushoto umeota kidole cha sita. Nimekihesabu, kipo. Kina hina pia.

Nimefuta yote.

Halafu madoido. Haya nilikuwa nimeyapanga vizuri tangu Jumamosi. Salha akifunua shela, maua ya asumini ya dhahabu yaanguke kutoka juu, na jina lake lijiandike pole pole juu ya kichwa. Yalikuwa sawa kabisa kabla sijagusa kasi. Sasa maua yanaanguka Salha akiwa bado mlangoni, kajifunika gubigubi. Jina linajiandika juu ya kiti kitupu, na hapo hasa ndipo shangazi yake mnene anapopita na sinia la sambusa. "Bi Harusi Salha", herufi za dhahabu, maua tele, na chini yake shangazi na sambusa zake.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikakumbuka Jumamosi ni keshokutwa na siku mbili. Kicheko kikakata.

Nimejaribu kuyasogeza maua kwa mkono. Nikiyaweka sawa, jina linahama. Nikiliweka jina sawa, maua yanatoweka. Nimefunga kompyuta kwa hasira, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimempigia Mwalimu Kombo. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, Changamwe, enzi zile hata kipanya cha kompyuta nakishika kwa vidole viwili. Hakuna asichokijua. Nimempa shikamoo, nimemuuliza hali ya watoto, kisha nimemwaga kilio changu.

Akasema lete kompyuta, ni kazi ya nusu saa.

Siwezi.

Akasema basi nitumie kipande kidogo.

Siwezi pia. Ni kupamba.

Akaelewa. Yeye mwenyewe ana mabinti wanne. Nikajaribu kumweleza kwa maneno: kwikwi, kidole, maua, sambusa. Naye akauliza maswali, nami nikajibu, na kila tulipoendelea tukazidi kupotea. Mwishowe akasema, "Mwanangu, mimi si mpiga ramli. Nitengenezee nyingine inayoumwa ugonjwa huohuo, niitazame hiyo."

Nimelifikiria neno hilo mchana kutwa. Nahitaji mtu wa kutembea na shela kwa sekunde tisa, na mwingine wa kupita na sinia. Mwanamke hafai kuvaa shela, maana itaonwa na mwanamume. Kwa hiyo nahitaji mwanamume wa kuvaa shela.

Bakari karudi saa kumi, kachoka, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Nikampa maji ya kunywa. Nikampa kiti. Nikamuuliza kama ananipenda. Akaniangalia kwa wasiwasi, akauliza nimevunja nini.

Alikataa mara mbili tu. Namjua, angekuwa anakataa kweli angekataa mara tatu.

Nimemvika shela yangu ya harusi. Mavyaa, yaani mama yake, tunakaa naye chumba cha pili, nikampa sinia la vitumbua; ni mzee na kajitanda, akionwa si neno. Akasema hakumzaa mwanawe ili aje kuyaona mambo haya. Lakini sinia kalibeba, na tulipomaliza kaomba turudie kwa sababu ushungi wake ulikaa upande. Betri ya kamera ilikuwa kwenye chaji, nikapiga kwa simu. Nikamwambia Bakari aende haraka, viatu vinambana. Yeye akaingia na madaha yake. Kachezesha bega! Mara ya tatu ndipo akaenda kwa kasi niliyoitaka, akafunua shela katikati ya ua wa nyumba, ndevu zikatoka, mavyaa akapita nyuma na vitumbua bila kucheka hata kidogo. Huyo mama ni msanii.

Nina furaha leo bila sababu. Tatizo bado lipo palepale.

Alhamisi, 11 Septemba

Kabla ya kumpa Bakari flashi nilijaribu mwenyewe. Nikapunguza klipu yake mpaka robo, nikaweka maua, nikaweka jina.

Maua: yameanguka mapema. Jina: limejiandika juu ya mavyaa na vitumbua. Vizuri sana, ugonjwa ni uleule.

Lakini kwikwi hakuna! Bakari anateleza. Shela inapepea, bega linashuka taratibu kama anaelea. Mume wangu, mpakiaji saruji, anatembea kama malkia, na Salha wa watu anaganda kila hatua. Nimeona wivu kwa niaba ya Salha. Nimempa flashi hivyo hivyo, akavuka nayo, ampitishie Mwalimu Kombo saa ya chakula.

Nilipokuwa nangoja nikaingia kwenye sauti. Sauti nayo imelegea pamoja na picha. Vigelegele vimekuwa mngurumo. Nilikuwa nimevaa spika za masikioni, nimeongeza sauti nisikie vizuri, nikageuka kuchukua kikombe, waya ukachomoka. Chumba kizima kikanguruma. Nikauzima haraka. Nje ya dirisha Bi Zaituni, jirani, alikuwa anaanika leso. Nikamsalimu kupitia pazia. Kaitikia kwa shingo upande. Nikadhani ni jua.

Saa tisa Mwalimu kapiga simu. Alicheka kwanza, kacheka sana, akamsalimia bi harusi wangu. Kisha akauliza: ile ya Salha umepiga kwa chombo gani, na hii ya Bakari kwa chombo gani? Nikasema kamera, na simu. Akasema basi jibu umelitengeneza mwenyewe.

Simu yangu inachukua picha sitini kwa kila sekunde. Kamera nimeiweka ichukue ishirini na tano. Ukivuta mara nne, Bakari anabaki na picha kumi na tano kwa sekunde, jicho linasamehe. Salha anabaki na sita. Sita hazimtembezi mtu. Kompyuta ikiambiwa ijaze pengo inabuni, na ikibuni ndipo vidole vinapoota. Salha avutwe mara mbili tu, isizidi hapo. Huwezi kutoa picha ambazo hazikupigwa.

Na maua? Nimeyabandika kwenye klipu kwa saa ya zamani, kisha nikaibadilisha klipu mwendo. Klipu imekwenda na saa mpya, maua yamebaki kwenye saa ya zamani. Dawa yake: kwanza punguza kasi. Ikishatulia, ifunge ndani ya klipu nyingine, kama barua kwenye bahasha. Kisha bandika maua juu ya bahasha. Na sauti itenge, iache iende mwendo wake.

Siku tatu! Siku tatu nimepigana na kitu cha maneno kumi. Nimejiona mjinga, na nimefurahi, vyote pamoja.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku mbaya, kisha nzuri. Niandike kwa utaratibu.

Saa nne mlango umegongwa. Bi Mwanaisha na dada zake wawili, wote mabuibui, wote nyuso kavu. Nikawakaribisha, hakuna aliyekaa. Nikaleta maji, hakuna aliyegusa.

"Riziki, n'nambiwa kuna sauti ya mwanamume ndani ya picha ya mwanangu. Na n'nambiwa mumeo kaivusha kwenda Changamwe kwa mwanamume mwingine. Nimekuja kuchukua changu."

Alikuwa ananyosha mkono. Alitaka kadi ya kamera na kila kilichomo kwenye kompyuta, hapo hapo. Sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa, nikasikia joto limenipanda mpaka masikioni. Bi Zaituni na leso zake. Na flashi, Bakari jana aliniambia kaitaja kivukoni kwa rafiki yake, na kivukoni maneno yanafika ng'ambo kabla ya mwenyewe.

Niliona aibu na sikuwa na kosa. Hiyo ni aibu mbaya kuliko ya kosa. Nikawaza: kadi ikiondoka, kesho hakuna cha kuona, bibi ataketi mbele ya runinga nyeusi na mjukuu ataondoka. Na mimi jina langu limekwisha, Likoni yote, hakuna mama atakayenifungulia mlango wa kupamba tena.

Nilitaka kulia. Nikakasirika badala yake. Nikasema keti, Bi Mwanaisha, tafadhali, nikuonyeshe huyo mwanamume, kisha kadi ni yako.

Nikafungua. Nikaicheza ile sauti iliyolegea, spika wazi. Mngurumo. Mzito, mrefu, unatoka tumboni. Dada mkubwa akasema astaghfirullah. Bi Mwanaisha akasema, "Ndiye huyo! Nani huyo?"

Nikairudisha kasi yake ya kawaida, nikaicheza tena. Kigelegele, kikali, kinapanda, kile kinachojulikana kutoka hapa mpaka Mtongwe. Hakuna mwingine mwenye kigelegele kile.

 Dada mdogo ndiye aliyeanza, alijaribu kuzuia kicheko kwa ncha ya buibui, akashindwa, akapasuka, kidole kwa Bi Mwanaisha. "Dada, ni wewe! Wallahi ni wewe, umekuwa dume!"

Bi Mwanaisha kaniomba niirudie. Polepole. Kisha kawaida. Kisha polepole. Uso wake ukawa unafunguka kidogo kidogo. Lakini ni mwanamke makini, hakusahau. Akauliza na ya Changamwe je?

Ikabidi. Bakari anisamehe. Nikawaonyesha klipu ya uani.

Bi Mwanaisha kaketi. Kaketi mwenyewe, bila kuambiwa, kwenye godoro, akajipiga mapaja, machozi yanamtoka. Shela, ndevu, bega. Dada mkubwa alilazimika kwenda kushika ukuta. "Huyu yuwaenda vyema kuliko mwanangu!" Mavyaa akaja kuona kuna nini, akawaambia yeye ndiye mwenye sinia, wamtazame vizuri.

Walikunywa maji, wakanywa na chai. Mlangoni Bi Mwanaisha kanishika mkono tena kama siku ile ya ukumbini. Hakusema samahani, si mtu wa kusema. Kasema kesho nije na kanga nzuri.

Nimemweleza Bakari alipofika. Kajifunika mto usoni. Kasema kabla ya Jumatatu watakuwa wanampigia vigelegele kivukoni. Nadhani ni kweli.

Mchana wote nimefanya kazi na kila kitu kimetii. Nusu ya kasi, sekunde kumi na nane, hakuna kwikwi. Sekunde kumi na nane ni kidogo kwa macho ya bibi, kwa hiyo pale Salha anapoifunua shela nimeisimamisha picha. Imesimama tuli sekunde sita. Nimefunga yote kwenye bahasha. Juu yake maua. Uso umetulia, maua peke yake ndiyo yanayoshuka. Nimeitazama mara mbili na sikuigusa tena. Mimi! Mimi nisiyejua kuacha kugusa.

Jumamosi, 13 Septemba

Sijui niandikeje.

Wanawake kama thelathini, sebuleni na barazani, madirisha yamefungwa, wanaume wa nyumba wametumwa Nyali kununua vitu ambavyo havikuhitajiwa. Bibi kaletwa kwenye kiti cha magurudumu, kavaa vizuri, wanja mpaka pembeni. Mdogo, mdogo kuliko nilivyodhani. Salha kaketi sakafuni kando yake, mkono wake juu ya goti la bibi.

Niliogopa sana. Nilikuwa naangalia kona za picha, nangoja maua yakosee.

Hayakukosea. Salha kaingia, taratibu, gauni linafuata, shangazi kapita na sambusa na watu wakacheka, kisha shela ikapanda na picha ikasimama. Maua yakashuka. Vigelegele sebuleni na vigelegele kwenye runinga, hujui vipi ni vipi.

Bibi alisogeza uso karibu na runinga. Kisha akasema, "Rejesha."

Nikarejesha. Akasema rejesha tena. Mara ya tatu akainua kidole, akaonyesha uso uliosimama.

"Aangalia wapi huyu?"

 Nikaangalia na mimi. Nimeutazama uso huo wiki nzima, labda mara mia tatu, nikitafuta kwikwi, vidole, maua. Sikuwahi kuyaona macho. Salha haangalii mbele. Hamwangalii mama yake wala kiti chake. Amefunua shela na kugeukia kushoto, mstari wa mbele, kule walikokuwa wamewekwa wazee. Katika mwendo wa kweli jambo hilo ni kufumba na kufumbua. Hakuna mtu ukumbini aliyeliona, na mimi niliyeshika kamera sikuliona.

"Alikuwa yuwanitafuta," bibi kasema, si kwa yeyote.

Salha kaweka kichwa kwenye mapaja yake. Kasema alijua hayupo, lakini alitazama tu.  Bi Mwanaisha alikwenda jikoni akakaa huko.

Bibi kaomba mara ya nne. Safari hii alitazama huku anatabasamu mpaka mwisho, maua na yote, kisha akauliza shangazi kapeleka wapi zile sambusa.

Jumapili, 14 Septemba

Salha kaondoka asubuhi. Niliona gari likipita, mabegi juu, nikapunga mkono, sijui kama kaniona.

Bi Mwanaisha ana nakala yake, bibi ana yake. Mimi, kazi ya kupamba ikishafika kwa wenyewe, huwa nafuta. Hakuna anayeniambia nifute, na hakuna ambaye angejua nisipofuta. Ni kawaida yangu tu.

Leo nilichelewa kidogo. Nilifikiria kubaki na zile sekunde sita, uso na maua, ndogo tu, nizifiche mahali. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Mteja mwingine akija akiuliza unaweza nini, ningekuwa na cha kumwonyesha. Kisha nikafuta. Klipu, bahasha, sauti, kadi ya kamera. Nikaangalia mara mbili kwamba hakuna kilichobaki.

Moyo ulikuwa mzito dakika chache. Sasa ni mwepesi.

Bakari kakaa nami barazani jioni, jua limepoa. Kauliza ile video ya Salha ilitoka vipi mwishowe. Nimemwambia ilitoka nzuri. Kauliza nzuri vipi. Nikafungua kinywa nimweleze yale macho, nikaona hata kwa maneno ni amana ya watu. Nikamwambia nzuri tu, sana. Akanitazama, akasema haya, na akanimiminia chai.